Kabla ya Kununua Matone, Geuza Meza

Wadogo zangu, leo tuongee macho. Barua za macho safari hii zimezidi barua za waume, na anayeifuata kona hii anajua hilo si jambo dogo.

Mmoja yuko kwenye steshenari huko Ngamiani, hapa Tanga, anachapa ripoti za wanachuo na kujaza fomu za mikopo tangu duka linapofunguliwa mpaka isha. Mwingine yuko kwa wakala wa forodha, siku nzima ni makaratasi ya mizigo ya bandarini. Yupo na mwalimu wa Muheza anayeingiza alama za wanafunzi kwenye kompyuta usiku, akishalaza watoto. Miandiko mbalimbali, maneno ni yaleyale: ikifika alasiri macho yanawaka, yanawasha, herufi zinaanza kucheza, kichwa kinagonga hapa juu ya nyusi, na ukinyanyua uso kutazama barabarani watu wanakuwa ukungu kwanza ndipo wakae sawa. Yule wa steshenari hakuzunguka: "Dada, nitapofuka?"

Hutapofuka, mdogo wangu. Kompyuta haipofushi mtu. Uchovu huu unaudhi, unaharibu kazi, unakugombanisha na wateja wasio na kosa, lakini haubomoi jicho, likipumzika linarudi. Ninachotaka ukishike leo ni kwamba karibu kila kinachouondoa uchovu huu hakiuzwi popote, na vingi wanavyokuuzia haviuondoi. Kwa hiyo pochi ifunge kwanza.

Ndani ya jicho mna lenzi, na lenzi hiyo imezungukwa na msuli mdogo. Ukitazama mbali, tuseme umesimama ufukweni unakiangalia Kisiwa cha Toten, msuli ule umelegea, umejipumzikia. Ukitazama karibu unajikaza ili lenzi inenepe kidogo na herufi zisomeke, na hapohapo macho yote mawili yanajivuta kuelekea puani. Kwa dakika chache hakuna tabu. Lakini saa nne mfululizo, umbali uleule, bila kuachia? Msuli wowote wa mwili ukishikiliwa hivyo utalalamika. Ule ukungu unaouona ukiinua uso kutazama barabarani ni msuli huo umeganda, unachelewa kuachia. Wala si jicho kuharibika.

Hilo moja. La pili watu wengi hawalidhanii kabisa, nalo ni kupepesa. Mtu anayepiga soga hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Mweke mbele ya skrini, hesabu hiyo inashuka mpaka nusu, pengine theluthi, na mwenyewe hana habari. Hata akipepesa, kope hazikutani: ya juu inashuka nusu ya njia, inarudi. Sasa jicho linalindwa na machozi, nayo machozi si maji matupu. Kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, juu yake maji, na juu ya maji mafuta membamba yanayozuia maji yale yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vidogo mno vilivyopangana ukingoni mwa kope, na hukamuliwa kila kope zinapokutana. Usipopepesa sawasawa mafuta hayatoki, maji yanakauka, na sehemu ya mbele ya jicho inabaki wazi mbele ya feni. Ndipo unapohisi mchanga ambao hukuutia.

Najua unachotaka kunijibu. "Lakini Dada, mimi macho yangu yanatiririka machozi, yamekaukaje?" Yanatiririka kwa sababu yamekauka. Jicho likiwashwa na ukavu, mwili unamwaga maji ya dharura, na maji hayo hayana mafuta ya kutosha. Yanakuporomokea shavuni kisha jicho linabaki kavu kama mwanzo. Ukiona unafuta machozi mbele ya kompyuta huku hulii, jua ni ukavu huo.

Na hapa, bibie, niruhusu nikuguse pabaya. Wanja. Sisi wa mwambao wanja tumezaliwa nao, wala simwambii mtu auache. Lakini wengi wetu tunaupitisha ndani, kwenye ule ukingo mwembamba kati ya nywele za kope na jicho, na hapo ndipo vilipo vile vitundu vya mafuta. Chukua kioo cha mkono, usogee mlangoni penye mwanga, vuta kope ya chini taratibu uone: mstari mweusi umelala juu ya vitundu, na chembe zake zinaelea kwenye machozi. Kisha unakwenda kukaa saa nane mbele ya skrini. Upake nje ya nywele za kope, uuoshe kabla ya kulala, na kama ni wanja wa unga uliotoka nje usiojua umetengenezwa na nini, uuache kabisa, maana mwingine una madini ya risasi ndani. Mtoto mchanga ndiyo usimguse nao kabisa, hata mama mkwe akinuna.

Sasa feni. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inavuma lakini ndani ya duka joto halisemeki, na kila mtu anaielekeza feni usoni. Nimeingia maduka ambayo feni ya meza imewekwa pembeni ya skrini, inampuliza mchapaji machoni kutwa nzima. Igeuze ipulize mgongo au miguu. Pangaboi la juu si baya sana, ila usikae chini yake hasa. Wa ofisi zenye kiyoyozi nao wasikae mbele ya mdomo wake. Na wewe unayetoka Pongwe au Amboni kwa bodaboda kila asubuhi bila kofia yenye kioo, upepo na vumbi la njiani vimekuanzia kazi kabla hujafika. Macho yako yanaingia ofisini yakiwa yameshachoka. Kuvaa kofia ile ni kwa ajili ya kichwa, lakini macho nayo yanafaidi.

Tuje kwenye meza, maana huko ndiko nilikotaka kufika.

Steshenari zetu nyingi zimejengwa mlango wote uko wazi barabarani. Mwenye duka anaweka meza ya kompyuta kwa namna mbili. Ama mchapaji anakaa mgongo kwa mlango, uso ndani, ili wateja waone anachochapa. Ama anakaa uso kwa mlango ili awaone wateja wanaoingia. Zote mbili mbaya. Wa kwanza mwanga wa barabarani unamlalia juu ya skrini. Wa pili ana jua la saa saba nyuma ya skrini, na macho yake yanajikunja kupigana na mwanga ule huku yanatafuta herufi zilizofifia mbele yake.

Ukitaka kujua hali yako, fanya hivi. Zima skrini, ukae ulivyokaa siku zote, ukitazame kile kioo cheusi. Ukiona mlango, bodaboda zinazopita, kanga zilizotundikwa duka la jirani na taa ya dari juu ya kichwa chako, basi vyote hivyo unavisoma kutwa pamoja na ripoti ya mtu. Geuza meza ubavu, mlango uwe mkono wa kushoto au wa kulia. Ikiwa duka ni jembamba meza haigeuki, tundika pazia, hata kanga kuukuu, upande ule jua linakoingilia. Kisha washa tena skrini na karatasi nyeupe iweke pembeni yake. Skrini iking'aa kuliko karatasi kama taa, ipunguze mwanga. Ikiwa inaonekana ya kijivu mbele ya karatasi, iongeze. Usiku ukifanya kazi usizime taa ya chumba ukabaki na skrini peke yake gizani, hata kama unamwogopa mwenye nyumba na gharama ya luku.

Urefu nao una maneno. Kuna mtindo wa kuipandisha skrini juu ya kasha la kompyuta, au juu ya katoni za karatasi, ili meza ipate nafasi. Mtazamaji anakaa ameinua uso, na anayetazama juu hukodoa zaidi. Jicho linakuwa wazi lote, linakauka haraka. Ishushe. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, macho yatazame kwa kuinama kidogo, kope zifunike nusu. Umbali, nyoosha mkono: ncha za vidole zikiguse kioo au zikaribie. Wenye laptopu mna kazi, kwa sababu skrini na vitufe vimeshikana. Ukipata kibodi ya pembeni, hata ya mtumba, mambo yatakuwa mepesi.

Na hili ni la wachapaji hasa. Mteja anakuletea daftari limeandikwa kwa mkono, unalilaza mezani kushoto kwako, kisha kutwa nzima shingo inakwenda chini kushoto, juu kulia, chini kushoto. Kila safari jicho linabadilisha umbali na mwanga. Liinue daftari. Kipande cha ubao na kibanio cha nguo vinatosha. Liegemeze karibu na skrini, umbali sawa na skrini. Utashangaa jioni hiyohiyo. Herufi nazo zikuze: shika kitufe cha Ctrl huku unazungusha gurudumu la kipanya, au chini kulia mwa dirisha vuta kile kitelezi. Wengi wanaogopa kwamba kazi ya mteja itatoka kubwa kwenye printa. Haitoki. Ukubwa wa kutazama hauhusiani na ukubwa wa kuchapisha, kwa hiyo usiendelee kubana macho kwa kuhurumia karatasi.

Baada ya meza ndipo tuongee kupumzika. Iko kanuni iliyoenezwa na mtaalamu wa macho wa Marekani, Jeffrey Anshel, miaka ya 1990: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Hizo 20 tatu zimewekwa zikae kichwani, usizigeuze sheria. La maana ni kuinua uso mara kwa mara na kutazama mbali kweli. Ng'ambo ya barabara inatosha. Mwisho wa ukuta wa duka hautoshi. Na kushika simu hakuhesabiki, nalitamka hili kwa sababu nawajua: mtu anasema "napumzisha macho", anaacha skrini kubwa anachukua ndogo, anaisogeza karibu zaidi ya ile.

Kama unadhani haya ni mambo ya Ulaya, pita barazani ukute bibi anashona kofia kwa mkono. Kazi yake ni ndogo kuliko herufi zako, vitundu vile vya kofia, sindano juu sindano chini. Tazama alivyokaa. Mwanga uko ubavuni, hauko usoni wala mgongoni. Na hakuna anayepita asiinuliwe uso: "Hujambo mwanangu? Mama yu hali gani? Msalimie." Anamsindikiza kwa macho mpaka pembeni ya njia, kisha sindano inaendelea. Hakuambiwa na daktari. Salamu ndiyo iliyomlindia macho. Siku hizi mteja anaingia dukani, "Shikamoo dada", nawe unajibu "Marahaba" macho yameganda kwenye skrini. Mtazame mtu usoni, umjibu. Adabu utakuwa umeitimiza, na msuli umeulegeza.

Kwa anayeswali, adhuhuri na alasiri zinakukuta kazini na ni mapumziko uliyokwisha kupewa. Nenda msikitini ukitembea, ukirudi utakuwa umetazama mbali dakika nyingi kuliko kanuni yoyote. Ila ukishatoa salamu usiiwahi simu mfukoni.

Ukiweza, ongeza na kupepesa kwa makusudi: funga macho polepole kope zikutane, subiri kidogo, fungua. Mara chache kila unapomaliza ukurasa. Na jioni macho yakiwa yanawaka sana, lowesha kitambaa safi kwa maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, ukiweke juu ya macho uliyoyafumba dakika tano mpaka kumi. Joto linalainisha mafuta yale yaliyoganda ukingoni. Kusugua macho kwa vidole hakusaidii; unajiongezea wekundu na vijidudu.

Nimesema pochi uifunge, sasa nieleze kwa nini. Wanakuuzia miwani ya kompyuta, ile ambayo vioo vyake vinang'aa bluu ukivigeuza, wakikwambia inazuia mwanga wa skrini unaoua macho. Mwaka 2023 wachunguzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 17 yaliyofanywa juu ya miwani hiyo katika nchi mbalimbali, na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Na ukifikiri, jua la Tanga saa sita mchana linakumwagia mwanga wa bluu mara nyingi kuliko skrini yoyote. Mwenye hela zake anunue, anapendeza nayo, lakini asinunue kama dawa.

Matone ndiyo yananitisha. Mtu anaingia duka la dawa, "Nipe dawa ya macho," anapewa kichupa, jicho linatulia, mwezi unaofuata anarudia kichupa kilekile. Soma kwenye boksi. Ukiona dexamethasone au betamethasone, hiyo ni dawa kali ya kutuliza uvimbe, inayotakiwa iandikwe na daktari na isimamiwe naye. Ukiitumia kiholela kwa muda mrefu inaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho, na presha ya macho ikishaua mshipa wa kuona, uoni huo haurudi. Yaani mtu ameingia na uchovu ambao ungekwisha kwa kugeuza feni, akatoka na ugonjwa wa kweli. Zile za kuondoa wekundu nazo, ukizizoea, wekundu unarudi mkubwa zaidi zikikatika. Kama macho ni makavu hasa na meza umeshairekebisha, muulize mfamasia machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha tu yasiyo na dawa nyingine ndani.

Ya kujitilia machoni nyumbani nayo tuyaache jikoni. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipolipuka Dar es Salaam na kuingia mikoani, Wizara ya Afya ilibidi itoke hadharani kuwasihi watu wasijitibu kienyeji. Maziwa ya mama ni ya kumnyonyesha mtoto. Chai ni ya kunywa na mahamri. Na usichanganye: macho mekundu ya virusi huanza kwa ghafla, mara nyingi jicho moja kisha la pili, asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, na yanaambukiza nyumba nzima kwa taulo na mikono. Uchovu wa kompyuta hauambukizi, na Jumapili usipofanya kazi unapungua.

Sasa nageukia wenye umri kama wangu, msijifiche nyuma ya wadogo. Ukifika miaka 40, au muda mfupi baada yake, lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu. Msuli unavuta, lenzi hainenepi. Ndipo mtu anasukuma simu mbali mpaka mkono unaisha, ndipo anamwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano, ndipo anasema "siku hizi wanaandika maandishi madogo". Maandishi hayajapungua. Umri umefika, kama ulivyofika kwa kila mtu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 uliwakuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea wakiwa na hali hiyo, na wengi wao hawakuwa na miwani. Hakuna zoezi, karoti wala kisamvu kitakachoirudisha lenzi ujanani. Kisamvu, papai na samaki kula kwa ajili ya vitamini na utamu wake, si kwa ajili hii.

Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Tena inalipa. Kule Assam, India, waliwapa miwani ya karibu wachuma chai waliovuka miaka 40, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kazi yao imepanda kwa zaidi ya asilimia 20. Ninapowafikiria wachuma chai wetu wa Usambara, na fundi cherehani wa Makorora anayetafuta tundu la sindano kwa kubahatisha, naona fedha nyingi imelala pale kwa ajili ya aibu tu. Maana ni aibu. Mwanamke anaogopa ataitwa bibi, mwanamume anaogopa ataonekana ameisha. Mwanamume mzima anatia saini mkataba asiousoma, miwani asivae!

Ila ujue hili kabla ya kuokota yoyote sokoni: miwani inayokufaa kwa kitabu, kilicho kama sentimita 40 kutoka usoni, haikufai kwa skrini iliyo sentimita 60 au zaidi. Ukiivaa hiyo ya kitabu unajikuta umeisogelea kompyuta mpaka pua inaigusa. Wenye miwani ya vioo viwili, juu mbali chini karibu, ndio wale unaowakuta wameinua kidevu kutazama skrini kwa kipande cha chini, kisha jioni wanalalamika shingo. Ukienda kupimwa mwambie mpimaji wazi kwamba unafanya kazi ya kompyuta, na skrini iko umbali gani. Pima kwa rula nyumbani, uende na jibu. Macho mawili pia yanaweza kutofautiana namba, na ile ya kuokota ina namba moja pande zote.

Hata aliye na miaka 20 anaweza kuwa anahitaji miwani bila kujua, na huyo hata ageuze meza mara ngapi kichwa kitaendelea kumgonga. Jijaribu. Simama mlangoni, ziba jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, soma bango la duka la ng'ambo. Kisha ziba la kushoto. Jicho moja likisoma na jingine likababaisha, au yote mawili yakababaisha bango ambalo mwenzako analisoma, nenda ukapimwe. Kliniki ya macho ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, pale juu ya bahari. Jambo likiwa zito watakuelekeza KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam.

Yako mambo ambayo hayana kusubiri meza wala wikiendi. Kuona kumepungua ghafla. Jicho linauma kweli, si kuwasha, na limekuwa jekundu. Unaona duara za rangi kuzunguka taa, au mimweko na vidoti vingi vyeusi vilivyoanza leo, au pazia linashuka upande mmoja. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, hasa kwenye picha, huyo apelekwe siku hiyohiyo. Na wenye kisukari, macho yenu yanapimwa kila mwaka hata kama mnaona vizuri.

Watoto wa kawaida wasiokuwa na tatizo nao niwaguse kwa ufupi, kwa sababu yule mwalimu wa Muheza ameuliza. Kinachomlinda mtoto asiwe wa kutoona mbali, kwa yanayojulikana mpaka sasa, ni kuwa nje mchana. Taiwan mwaka 2010 walianza kuwatoa wanafunzi nje dakika 120 kwa siku, na watoto wenye uoni hafifu, ambao walikuwa wakiongezeka kila mwaka, wakaanza kupungua. Wetu wana ufukwe, wana viwanja, wana miembe. Mpeni mpira, simu irudi kwa mwenyewe. Nawe mwalimu, alama ziingize asubuhi shuleni ukiweza, usiku lala.

Neno la mwisho ni lenu, wenye maduka na wakubwa wa ofisi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, kabla ya kuanza kazi na wakiwa kazini, na macho ya anayekaa mbele ya skrini kutwa ni sehemu ya afya yake. Lakini sijafika hata huko. Kesho ukifungua duka, kaa wewe kwenye kiti cha binti yule anayekuchapia, saa saba mchana, mlango wazi na feni inakupuliza usoni, uchape kurasa tatu. Ukimaliza, msaidie kuigeuza meza, na saa ya alasiri mwache atoke nje kidogo. Usimkate mshahara kwa hilo.